Nina miaka 31, korodani ya kulia haijawahi kushuka. Daktari anataka kuitoa kwa hofu ya saratani. Nikubali?

#1 Mgosi_wa_Lushoto

Wakuu, habari za muda huu. Naomba kwenye uzi huu tuwe wastaarabu kidogo, jambo lenyewe ni la aibu lakini nimeona nikikaa nalo kimya halitanisaidia.

Nina miaka 31, nimeoa, nina mtoto mmoja na mke ana mimba ya pili. Tangu nipate akili najua upande wa kulia wa mfuko wangu hauna kitu. Nyumbani haikuwa habari. Mama alisema mjomba wake naye alikuwa hivyo na alizeeka vizuri tu. Shule ya bweni nilikuwa naoga mapema kabla wenzangu hawajaamka, basi maisha yakaenda.

Juzi kati nilibeba mifuko ya saruji, jioni kinena kikavimba. Nikajua ngiri. Daktari akanilaza, akaniambia nikohoe, akabonyeza, halafu akanyamaza. Akauliza, "Hii nyingine iko wapi?" Nikamwambia sijawahi kuwa nayo. Akanituma altrasaundi. Majibu: korodani ya kulia ipo, imekwama kwenye njia ya kinena, ndogo, haifiki sentimita 2. Ya kushoto iko mahali pake na ukubwa wake ni wa kawaida. Na kweli kuna ngiri ndogo pembeni.

Sasa anasema wakati wa kurekebisha ngiri aitoe kabisa hiyo korodani, kwa sababu ikibaki inaweza kugeuka saratani. Nikamwambia nipe muda nifikirie.

Wenye uelewa: hili la saratani ni kweli au ni la kututia hofu tukalipie vitanda? Kitu kimekaa miaka 31 bila kunisumbua, nikitoe kwa nini? Na nikibaki na moja, mambo yangu ya ndani yatakuwaje?

#2 Kiti_cha_Mbele

Nipo hapa nimekaa, nasubiri wajuzi.

#3 Nyoka_Kibisa

Mgosi, una mtoto mmoja na mwingine yuko njiani, halafu unauliza kama moja inatosha? Jibu lako linakunywa uji hapo nyumbani.

#4 DawaAsili_Original

Usikubali kukatwa ndugu. Ninayo dawa ya mizizi inashusha korodani ndani ya wiki tatu, watu wengi wamepona. Njoo PM.

#5 Kiti_cha_Mbele

Wewe tulikuona kwenye uzi wa upara, tukakuona kwenye uzi wa nguvu za kiume, ukaja kwenye uzi wa kuku wasiotaga. Dawa ni ileile?

#6 Tabibu_wa_Zamu

Mgosi, umefanya vizuri kuuliza. Mimi ni daktari, si bingwa wa mfumo wa mkojo, ila wodi za upasuaji nimezizunguka vya kutosha. Nitaandika kirefu kidogo.

Korodani haianzii kwenye mfuko. Mtoto akiwa tumboni zinaumbika juu huko, jirani na figo, zinateremka taratibu, na miezi ya mwisho ya mimba zinapita kwenye kinena hadi chini. Kwa watoto waliotimiza miezi tisa, kama 2 hadi 4 kati ya 100 wanazaliwa angalau moja ikiwa haijafika. Kwa njiti inaweza kufika 30 kati ya 100. Nyingi humalizia safari zenyewe ndani ya miezi ya mwanzo, na mtoto akitimiza mwaka wanabaki kama 1 kati ya 100. Wewe uko kwenye kundi hilo, na kwa idadi ya watu wa nchi hii hauko peke yako hata kidogo.

Mfuko upo nje ya mwili kwa sababu korodani inataka ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Yako imeishi kwenye nyuzi 37 maisha yake yote. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, haitengenezi mbegu za maana. La pili, kuna chembe changa ambazo zilitakiwa zikomae utotoni. Kwenye korodani iliyokwama baadhi hubaki changa hivyohivyo, na miaka mingi baadaye hizo ndizo zinazoweza kuharibika zikawa saratani. Joto si sababu pekee. Lile lililoizuia isishuke inaelekea lina mkono wake pia, ndiyo maana hata korodani iliyoshuka vizuri upande wa pili hatari yake huwa juu kidogo kuliko ya mtu mwingine.

Sasa hatari yenyewe. Hapa watu hutishwa kupita kiasi, au hudharau kabisa. Uswidi walifuatilia wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa kushushwa korodani kati ya 1964 na 1999, matokeo yakachapishwa 2007. Kati ya wote hao, waliopata saratani ya korodani walikuwa 56. Waliopasuliwa kabla ya kufikisha miaka 13, hatari yao ilikuwa kama mara 2 ya wanaume wengine. Waliopasuliwa wakiwa na miaka 13 au zaidi, ikapanda kuzidi mara 5. Wewe hukupasuliwa kabisa, kwa hiyo jihesabu na hawa wa pili.

Mara 5 inatisha ukiisikia, lakini mara 5 ya nini? Marekani, mwanaume 1 kati ya 250 huugua saratani hii maishani mwake. Zidisha kwa 5, unapata 2 kati ya 100. Yaani hata huko 98 wanazeeka salama kama huyo mjomba wa mama yako. Na kwetu Afrika Mashariki ugonjwa wenyewe ni adimu zaidi, kwa mwaka haufiki mtu 1 katika kila wanaume 100,000.

Kwa hiyo daktari wako hajakudanganya, na wewe huna sababu ya kuandika wosia.

Kwa nini basi itolewe? Kwa sababu haifikiki. Mwanaume mwenye korodani mfukoni akiota kigoroli, atakikuta mwenyewe bafuni. Yako imelala chini ya msuli na mafuta ya kinena. Uvimbe ukianza leo hutausikia, mkeo hatausikia, na daktari akibonyeza anaweza asiusikie mpaka uwe umekomaa. Unabaki na kiungo ambacho hakikuzalishii mbegu, homoni kinachangia kidogo tu, na huwezi kukikagua. Ndiyo maana kwa mtu mzima ambaye ya pili ni nzima, madaktari wengi hushauri itolewe. Wakati mwingine, kama imekwama chini chini na bado ina ukubwa wa kuridhisha, inashushwa na kushonewa mfukoni, si kwa sababu hatari inaisha bali kwa sababu sasa vidole vinaifikia. Ya sentimita 2 kwa mtu wa miaka 31, sioni ya kuokoa. Angekuwa mzee wa miaka 60 ningesema mwacheni, maana mtu akishapita 50 hatari ya usingizi wa oparesheni inaanza kuizidi ile ya saratani.

#7 Mgosi_wa_Lushoto

Daktari, ubarikiwe. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Swali la aibu sasa: ikitolewa, nguvu zitapungua? Na ndevu? Na je, huyu wa pili akizaliwa tunaweza kupata wa tatu?

#8 Tabibu_wa_Zamu

Kwani hivi sasa kazi inafanywa na ipi? Hiyo ya kushoto. Ndiyo iliyokupa sauti, ndevu na huyo mtoto. Korodani moja nzima inatosha homoni na inatosha uzazi. Wanaume ambao upande mmoja tu haukushuka huzaa karibu sawa na wengine. Ukitaka utulivu wa moyo, pima shahawa na homoni kabla ya oparesheni, zikae kwenye faili lako. Kama kinachokusumbua ni mwonekano, zipo korodani bandia za silikoni, ila uliza gharama mapema na usishangae ukiambiwa hazipo hapo ulipo. Wengi hawazihitaji.

#9 Bingwa_wa_Kuhoji

Mimi nilisikia ukitumia kipimo cha mimba, kile cha kukojolea, mwanaume mwenye saratani ya korodani kinatoa mistari miwili. Ni kweli au ni stori za vijiweni?

#10 Kiti_cha_Mbele

Mkuu, fikiria unakwenda duka la dawa kununua kipimo cha mimba, unaulizwa ni cha nani, unasema changu.

#11 Tabibu_wa_Zamu

Ina ukweli ndani yake. Baadhi ya saratani hizi hutoa homoni ya hCG, ileile ya mama mjamzito, na kipimo kinaweza kuisoma. Lakini nyingi hazitoi kiasi cha kutosha, kwa hiyo mstari mmoja haumaanishi uko salama. Usijipime hivyo ukajidanganya. Hospitali wanapima hCG kwenye damu pamoja na AFP na LDH, viashiria vingine viwili vya saratani hii, na hayo wanayasoma sambamba na altrasaundi. Homoni hiyo ndiyo pia inayofanya wagonjwa wachache wavimbe matiti. Mwanaume kijana ambaye matiti yanauma au yanakua bila sababu, mkague na chini.

#12 Nahodha_Mstaafu

Huwa nasoma tu humu, sichangii. Leo wacha nichangie, maana Mgosi amenikumbusha mbali.

Mimi ya kushoto ndiyo haikushuka, na haikuwa kinenani, ilikuwa ndani ya tumbo kabisa. Nilikuwa na miaka 34, nafanya kazi kwenye meli za mizigo. Nikaanza kuumwa mgongo, kiuno, tumbo la chini limejaa kama nimeshiba wakati sijala. Nilitibiwa UTI, nikatibiwa taifodi, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, nikachuliwa na mama mmoja hodari sana wa kuchua pale mtaani kwetu. Mkono wake ukagota kwenye kitu kigumu chini ya kitovu upande wa kushoto. Yule mama ndiye aliyesema, "Mwanangu, hili si la kuchua, nenda hospitali kubwa." Namshukuru mpaka leo, wengine wangeendelea kuchukua hela.

Huko hospitali daktari kijana alifanya kitu ambacho hakuna aliyefanya kabla: alinivua nguo ya ndani. Alipoona mfuko mtupu upande mmoja akaacha kuniuliza habari za tumbo. CT ikaonyesha uvimbe mkubwa pamoja na matezi yaliyovimba karibu na uti wa mgongo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yananiuma. Walipoutoa, majibu ya maabara yakaja seminoma, aina mojawapo ya saratani ya korodani.

Dawa ndizo nitakazosimulia kidogo kwa sababu watu wanaziogopa. Ni dripu, nililazwa siku tano kila mzunguko, halafu unarudi nyumbani kujikusanya. Kabla ya ile dawa yenyewe wanakumiminia maji, chupa juu ya chupa, kulinda figo. Kitandani unapewa jagi la plastiki lenye mistari, kila ukikojoa unapima na kuandika kwenye karatasi, na nesi wa usiku akija anaanza na hiyo karatasi kabla hajakusalimia. Chakula chote kina ladha ya sarafu. Nywele zilitoka na mto. Tangawizi mbichi ilinisaidia kichefuchefu zaidi ya nilivyotegemea. Mpaka leo masikio yanalia kama nzi amenaswa kwenye kopo, na ncha za vidole vya miguu zina ganzi. Hizo ndizo bei nilizolipa. Ni miaka mingi sasa, niko hai, kliniki naenda mara moja kwa mwaka.

Mgosi, ya kwako imeonekana ingali kimya. Mimi sikupata nafasi hiyo.

#13 Nyoka_Kibisa

Nahodha, heshima kwako mzee. Nilikuja kutania, naona niketi vizuri.

#14 Mtu_wa_Bukavu

Habari zenu kutoka Kivu. Mnasahau Sébastien Haller, mshambuliaji wa Ivory Coast? Mwezi wa saba 2022 alikuwa ndiyo kwanza amejiunga na Dortmund, wakamkuta na uvimbe kwenye korodani. Akapasuliwa, akapewa zile dawa, mwezi wa kwanza 2023 akarudi uwanjani. Halafu Februari 2024 huyohuyo akatufunga sisi Congo nusu fainali ya AFCON, 1-0, akaenda kuwafunga na Nigeria goli la ubingwa fainali. Tulilia hapa, lakini kwa mtu aliyetoka kwenye dripu, tulimpigia makofi kwa siri.

#15 Tabibu_wa_Zamu

Mfano mzuri, ingawa sijasikia kwamba Haller alikuwa na korodani isiyoshuka. Wagonjwa wengi wa saratani hii hawana historia hiyo. Wenye nayo ni kama 1 kati ya 10.

Alichosimulia Nahodha kina mambo mawili ya kushika. Dawa aliyopewa inaelekea ni mchanganyiko unaoitwa BEP au jamaa yake, na nguzo yake ni sisplatini. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, saratani hii ikishasambaa kijana karibu kila mara alikuwa anakufa. Mwaka 1974 daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, akaanza kuitumia sisplatini pamoja na dawa nyingine, na hesabu ikageuka juu chini. Leo ikiwahiwa, wanaopona ni zaidi ya 95 kati ya 100, na hata iliyosambaa wengi wanapona. Ni katika saratani chache ambazo daktari anaweza kutamka neno kupona bila kumung'unya maneno. Tanzania dawa hizi utazikuta Ocean Road na kwenye hospitali kubwa za rufaa kama Bugando na KCMC. Mwenye mpango wa kuzaa aulize habari za kuhifadhi mbegu kabla ya dripu ya kwanza.

La pili, korodani iliyo tumboni ina hatari kuliko iliyo kinenani, na hatari yake ni ya kimya. Maumivu ya mgongo kwa kijana yana sababu mia moja, na kwa kuwa ugonjwa huu kwetu ni nadra, mtoa huduma hauweki kichwani. Ukienda na maumivu ya tumbo au mgongo na unajua korodani moja haipo, sema wewe mwenyewe. Usisubiri uvuliwe.

#16 Kibibi_wa_Aarhus

Niongeze kutoka huku Denmark ninakofanya kazi ya uuguzi. Denmark na jirani zao Norwe ni kati ya nchi zenye saratani hii kwa wingi duniani, kama watu 10 kwa kila wanaume 100,000 kwa mwaka. Kwa hiyo huku vijana wanaizungumza kama sisi tunavyozungumza malaria. Mvulana wa miaka 19 anaingia kliniki anasema "nina kigoroli kushoto" bila kupepesa macho. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilikuwa natazama ukuta.

#17 Fundi_Jenereta

Tabibu, samahani kwa kuingilia. Mimi nina 24, ZOTE MBILI hazipo chini. Sauti nzito, ndevu ninazo, mambo yote yanasimama kawaida. Nilimwambia mtu mmoja wa afya akasema mradi nasimamisha hakuna shida. Nami nikitoa zote si ndiyo nimekwisha?

#18 Tabibu_wa_Zamu

Fundi, wewe usikae. Chembe zinazotengeneza homoni zinavumilia joto kuliko zile za mbegu, ndiyo maana ndevu zipo. Lakini ukipima shahawa leo, uwezekano mkubwa ni kukuta hakuna mbegu, na kusimamisha hakuhusiani na hilo.

Kwako hakuna atakayekimbilia kutoa zote mbili. Kwanza wazitafute ziliko: altrasaundi ya kinena, wasipoziona ni MRI au kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo kitovuni, maana altrasaundi haiaminiki kwa zilizo ndani ya tumbo. Wapime homoni. Halafu bingwa ataangalia kama zinaweza kushushwa, atachukua kinyama kidogo kwenda maabara, na iliyo nzima itabaki kukutunzia homoni huku ikikaguliwa. Ikibidi zote zitoke, homoni hupewa kwa sindano maisha yote. Lakini hapo ni mbali, anza na kuzitafuta. Muhimbili, KCMC na Bugando wana mabingwa. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa wako upate barua.

#19 Nesi_wa_Tohara

Mimi nimefanya kampeni za tohara Njombe na Tabora. Kabla ya kutahiri tunakagua kila kitu, na wengi tuliowakuta na korodani moja walikuwa hawajui kwamba ni tatizo, wengine hata hawakuwa wamegundua. Kuna kijana mmoja kaka zake walikuwa wanamwambia ndiyo ishara ya kuzaa mapacha. Unamwandikia rufaa, anaikunja vizuri anaiweka mfukoni, na unajua kabisa haifiki popote kwa sababu nauli ya kwenda mkoani ni mtihani na haumwi chochote. Hilo ndilo tatizo letu hasa, ugonjwa usiouma haupati nauli.

#20 Bingwa_wa_Kuhoji

Sasa sisi wenye mbili chini, tunajikaguaje? Maana mnasema tu "kagua".

#21 Tabibu_wa_Zamu

Baada ya kuoga maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea. Shika moja kati ya dole gumba na vidole viwili, izungushe taratibu. Inatakiwa iwe laini pande zote. Nyuma utagusa kitu kama uzi mnene laini, hicho ni mrija wa kuhifadhi mbegu, usikimbie hospitali usiku kwa ajili yake. Moja kuwa kubwa kidogo au kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida. Unachotafuta ni kigoroli kigumu, mara nyingi hakiumi, au korodani nzima kuwa ngumu na nzito kuliko zamani. Usipige hesabu kwamba kama hakiumi basi si kitu.

Na onyo kwa wale wa "nimevimba, nimwite jirani anitoboe maji kama busha". Uvimbe wa korodani hauchomwi sindano mfukoni. Kama ni saratani, unaifungulia njia mpya ya kusambaa. Hata sisi tunapoitoa hatupiti mfukoni, tunapitia kinenani.

#22 DawaAsili_Original

Madaktari hamuwezi kukubali tiba za babu zetu. Homoni zenyewe mnazitoa wapi kama si kwenye mimea?

#23 Tabibu_wa_Zamu

Ndugu, kuna wakati hata hospitali zilitumia sindano za homoni kwa watoto kujaribu kushusha korodani. Matokeo yalikuwa hafifu na sasa miongozo mingi haizishauri. Kwa mtu mzima mwenye miaka 31 hakuna sindano, hakuna kidonge wala mzizi.

#24 Mgosi_wa_Lushoto

Wakuu, mrejesho. Nilikubali. Nimepasuliwa hospitali ya rufaa, ganzi ya mgongoni, nilikuwa nasikia wanaongea habari za ligi. Ngiri imeshonwa, korodani imetoka. Kidonda ni mstari mmoja kinenani urefu wa kidole, kilichonitesa zaidi ni kikohozi cha siku zile za mwanzo, nilikuwa nashikilia mto. Bima ililipa sehemu kubwa, mimi nikaongezea kipimo cha maabara.

Majibu yamekuja: hakuna saratani, hakuna hata zile chembe za kuashiria. Imeandikwa imesinyaa na haina mbegu. Ile ya kushoto naikagua kama nilivyoelekezwa na kliniki nitaendelea. Mke wangu ndiye aliyesoma uzi huu wote kwanza, akanisukuma. Nahodha, simulizi yako ndiyo iliyommaliza.

#25 Nahodha_Mstaafu

Alhamdulillah. Usibebe saruji mpaka wakuruhusu.

#26 MamaDee_Kihonda

Hongera Mgosi. Na mimi nimekuja kwa kuchelewa, nina wavulana wawili. Mdogo ana miezi 9, upande mmoja hauna kitu tangu azaliwe. Niliuliza kituo kimoja cha afya nikaambiwa nisubiri, itashuka akibalehe. Mkubwa ana miaka 4, yake inacheza: akiwa kwenye beseni la maji ya moto naziona zote mbili, akiguswa na mikono ya baridi moja inapanda inapotea. Nao wapasuliwe?

#27 Tabibu_wa_Zamu

Mama Dee, hao ni watoto wawili wenye mambo mawili tofauti.

Wa miezi 9, usisubiri kubalehe. Korodani ambayo haijashuka mpaka miezi 6 kwa kawaida haishuki tena (njiti tunawahesabia kuanzia tarehe waliyotakiwa kuzaliwa). Kinachotakiwa ni apasuliwe kati ya miezi 6 na 18. Ni oparesheni fupi, wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na inafanyika wakati ambao bado kuna chembe za mbegu za kuokoa na hatari ya baadaye kupunguzwa. Rudi na kadi yake ya kliniki, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji wa watoto. Wakikwambia tena subiri, nenda kituo kingine. Na kwa mama mwingine anayesoma hapa mwenye kichanga ambaye zote mbili hazionekani, hasa kama na tundu la mkojo haliko mahali pake, huyo hasubiri hata hiyo miezi 6. Apelekwe sasa hivi, kuna magonjwa ya homoni ya kuangalia haraka.

Mkubwa wako inaelekea ni msuli tu unaoivuta juu, kwa umri wake wengi wako hivyo na hawapasuliwi. Mchunguze akiwa amelala usingizi, mikono yako ikiwa na joto. Ikiwa chini na inakaa, mpeleke akaguliwe mara moja kwa mwaka mpaka abalehe, kwa sababu chache kati ya hizi hupanda moja kwa moja mtoto anaporefuka. Siku utakayoikosa hata akiwa usingizini, mwandikishe kwa daktari huyohuyo wa mdogo wake.